Je, mdogo wangu ana ubongo wa mwizi?

"Daktari, habari za kazi. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27, anaendesha boda boda hapa Jinja. Miaka miwili iliyopita aligongwa na lori akaanguka kwa kisogo, na hakuwa amevaa kofia ngumu. Alilala hospitali siku tisa, mbili za kwanza hakujitambua. Alipotoka tulimshukuru Mungu: anatembea, anaongea, anatujua sote kwa majina. Lakini si yule. Zamani ndiye aliyeshika pesa za chama cha waendesha boda wa stendi yao, na haikupungua hata shilingi. Sasa anaiba. Mwezi uliopita alichukua simu ya jirani juu ya meza ya chapati, saa sita mchana, watu wanamwona, akaenda kuiuza kibanda cha tatu kutoka pale. Anampiga mke wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ukimsema anacheka au anafoka. Hata chakula hachagui siku hizi, juzi alimaliza maharage yaliyochacha ambayo sisi harufu yake tuliisikia tukiwa uani. Yuko nje kwa dhamana, kesi inaendelea. Wazee wanasema ni damu, kwa sababu baba yetu aliwahi kufungwa Luzira kwa wizi. Rafiki yangu wa Kampala anasema kuna picha ya ubongo inayoonyesha kama mtu ni mhalifu. Niuze ng'ombe mmoja tuilipie? Na mwanawe wa miaka sita, ambaye ni mkaidi kweli kweli, naye itamfuata?"

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye yale maharage. Umeyataja kama jambo la njiani tu, ukielekea kwenye mambo makubwa ya simu na mahakama. Kwangu mimi hakuna sentensi nzito kuliko hiyo, na hapo mbele kidogo nitakuambia kwa nini.

Nihakikishe kwanza kwamba nimekuelewa. Kijana aliyeaminiwa na wenzake kwa pesa zao amepata ajali, na aliyerudi kutoka hospitali ana sura ile ile na sauti ile ile, ila mwenendo ni wa mtu mwingine. Unataka kujua kama huu ni ugonjwa au ni ubaya, kama kuna mashine ya kulithibitisha hilo, na kama mtoto atarithi. Nyuma ya hayo nasikia swali la nne ambalo hukuliandika: je, una haki ya kumkasirikia? Unayo. Miaka yote niliyowatibu walioumia kichwa sijakutana na familia isiyo na hasira, na wengi wao ndio hao hao wanaolala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mgonjwa.

Tuanze na picha, maana ng'ombe yuko hatarini.

Hakuna picha ya ubongo, iwe ya CT au ya MRI, hapa kwetu wala Ulaya wala Marekani, inayoweza kuonyesha kwamba mtu ni mwizi. CT inaonyesha mfupa uliovunjika, damu iliyovuja, uvimbe, maji yaliyozidi. MRI inaonyesha hayo kwa undani zaidi, pamoja na makovu madogo ambayo CT huyakosa. Wizi wenyewe hauna rangi kwenye filamu. Rafiki yako hakukudanganya kwa makusudi. Amesikia nusu ya habari, na nusu hiyo ina historia ndefu.

Huko Italia, daktari Cesare Lombroso alipasua fuvu la jambazi mmoja, akaona kishimo upande wa kisogo, na kufikia mwaka 1876 alikuwa ameshautangazia ulimwengu kwamba wahalifu huzaliwa wakiwa hivyo, na kwamba mtu anaweza kuwatambua kwa taya na masikio. Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina ladha chungu zaidi. J. C. Carothers, daktari wa kikoloni aliyesimamia hospitali ya Mathari kule Nairobi kuanzia mwaka 1938, aliandika katika kazi iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kwamba Mwafrika haitumii sawasawa sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamlinganisha na Mzungu aliyekatwa neva za sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha maoni yake juu ya Mau Mau. Watu waliokuwa wakidai ardhi yao wakageuzwa kuwa wagonjwa wa kuchunguzwa. Ndiyo maana mtu akiniambia ana kifaa cha kuona uhalifu kichwani, mimi hushika pochi yangu kwanza.

Utafiti wa kweli upo, na hausemi hivyo. Mwaka 1997 Adrian Raine na wenzake walichapisha picha za ubongo za watu 41 walioshtakiwa kwa mauaji huko California, wakazilinganisha na za watu wengine 41. Kwa wastani, sehemu ya mbele ya ubongo wa wale washtakiwa ilikuwa ikitumia sukari kidogo, yaani ilikuwa ikifanya kazi kwa uvivu. Hapo neno la kulishika ni wastani. Wastani wa kundi hauwezi kukuambia habari za mtu mmoja aliyekaa mbele yako, kama vile kujua kwamba Wakaramoja kwa kawaida ni warefu hakukuambii urefu wa yule mmoja aliyeko mlangoni. Kulikuwa na mtaalamu mwingine wa huko huko California, James Fallon, aliyekuwa akipitia rundo la picha za ubongo akakuta moja inayofanana kabisa na za wauaji wasio na huruma. Ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa profesa, mwenye mke na watoto, na hakuwahi kuua mtu.

Kwa hiyo ng'ombe abaki zizini kwanza. Nitarudi kwenye picha, kwa sababu huenda mdogo wako akaihitaji kwa sababu nyingine.

Sasa maharage.

Nyuma ya paji la uso, juu ya matundu ya macho, ndipo ilipo sehemu ya ubongo inayopima mambo: nikifanya hili, nini kitafuata? Nani ataumia? Nani ananitazama? Fuvu kwa ndani halina ulaini ule ule kila mahali. Kisogoni ni laini kama bakuli, lakini sakafu yake ya mbele, juu ya macho, ina matuta makali kama barabara ya vumbi iliyochimbwa na mvua za Aprili. Ubongo wenyewe ni mlaini kama uji mzito ulioganda, unaelea kwenye maji. Mtu akianguka kwa kisogo, fuvu linasimama ghafla, ubongo hausimami. Unakwenda na kurudi, na sehemu ya mbele inakwaruzwa kwenye yale matuta. Hivyo aliyepigwa nyuma huharibika mbele, na watu wanashangaa.

Kwenye sakafu hiyo hiyo zinapita nyuzi nyembamba za neva ya harufu, zikipanda kutoka puani kupitia vitundu vya mfupa vinavyofanana na chujio la chai. Ubongo ukiteleza, nyuzi zinakatika. Mtu anaacha kusikia harufu, mara nyingi bila yeye mwenyewe kujua, kwa sababu ulimi bado unatambua chumvi, sukari na uchachu. Mdogo wako huenda hakuwa mlafi siku ile. Huenda hakusikia chochote. Na kama neva ya harufu imekatika, basi jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ile sehemu inayopima, nayo huenda ilipata pigo. Sijamwona, siwezi kuapa. Ila daktari yeyote wa kichwa akisoma barua yako atanyoosha mgongo akifika hapo.

Sehemu hiyo ikiumia, mtu hasahau kwamba wizi ni mbaya. Muulize mdogo wako leo, atakujibu vizuri kuliko mchungaji. Ujuzi upo, breki ndiyo imelegea. Tamaa inakuja kama inavyotujia sote tukiona simu nzuri mezani, lakini ile nusu sekunde ya "ngoja kwanza" haipo. Itazame tena ile simu: saa sita mchana, mbele za watu, ikauzwa kibanda cha tatu. Mwizi wa kazi angeizima, angetoa laini, angepanda taksi hadi Iganga ndipo atafute mnunuzi. Wizi wa mdogo wako hauna mpango hata kidogo, na hilo kwangu ni dalili kubwa kuliko wizi wenyewe.

Kuna zoezi dogo ninalolifanya mezani kwa kalamu. Namwambia mgonjwa: nikigonga mara moja, wewe gonga mara mbili, nikigonga mara mbili, usigonge. Siku moja nilimfanyia fundi wa magari, mtu mwenye akili zake, aliyeanguka kutoka ghorofani kazini. Alilirudia sharti neno kwa neno. Nikagonga mara mbili. Akagonga. Akautazama mkono wake kama si wake, akasema, "Lakini umesema nisigonge." Nikagonga tena mara mbili. Akagonga tena. Mke wake, aliyekaa kwenye benchi na mfuko wa nguo mapajani, akaanza kulia. Mwaka mzima alikuwa akikiita kitu kile kiburi.

Mfano ulio wazi zaidi ulioandikwa ni wa mwalimu mmoja wa Virginia, Marekani, mwenye miaka 40, ambao madaktari waliuchapisha mwaka 2003. Bila historia yoyote ya namna hiyo alianza tabia chafu zinazohusu watoto, akashtakiwa. Usiku wa kuamkia siku ya kuhukumiwa alikimbilia hospitali kwa maumivu ya kichwa, wakakuta uvimbe mkubwa juu ya jicho la kulia, pale pale ninapokueleza. Ulipoondolewa, tabia ikaisha. Miezi kadhaa baadaye tabia ikarudi pamoja na maumivu ya kichwa, wakapiga picha: uvimbe umeota tena. Ni tukio la nadra sana, tafadhali usilijengee nyumba. Nalitaja kwa sababu ya jinsi ushahidi wake ulivyokaa: kabla, baada, kabla, baada. Kwa mdogo wako pia, kalenda ina nguvu kuliko picha. Miaka 25 ya mtu mwaminifu, lori, halafu huyu wa sasa.

Usidhani pia kwamba kuna kitufe kimoja cha uhalifu ndani ya ubongo. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikusanya wagonjwa 17 walioanza kuvunja sheria baada ya ubongo kuumia. Majeraha yao yalikuwa sehemu mbalimbali, ila karibu yote yaliungana na mtandao mmoja wa nyuzi, ule unaohusika na kupima mema na mabaya na kuthamini matokeo. Ukikata waya wa umeme Njeru au ukiukata Bugembe, taa ile ile inaweza kuzimika.

Je, basi kila aliyeumia kichwa ni wa kuogopwa? Hapana, na hapa naomba usome kwa sauti ili wazee wasikie. Huko Uswidi walifuatilia zaidi ya watu elfu 20 walioumia ubongo, na wengine zaidi ya elfu 20 wenye kifafa, kwa muda wa hadi miaka 35, matokeo yakatoka mwaka 2011. Katika walioumia, asilimia 8.8 walikuja kutiwa hatiani kwa kosa la ukatili, wakati kwa watu wa kawaida ilikuwa asilimia 3. Hatari inapanda, kweli. Lakini hesabu upande wa pili: zaidi ya 91 katika kila 100 hawakutiwa hatiani kwa ukatili wowote. Kuhusu kifafa, tofauti ndogo iliyoonekana ilipotea kabisa wagonjwa walipolinganishwa na ndugu zao wa tumbo moja. Nalisema hili la kifafa ingawa hukuuliza, kwa sababu bado kuna vijiji vyetu ambako mtoto wa kifafa hulishwa peke yake na anashukiwa kila kuku akipotea.

Na kwa msomaji mwingine mwenye baba wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa mstaarabu akaanza ghafla kuchukua vitu dukani, kutukana na kukojoa barabarani: usimpeleke polisi kabla ya kumpeleka hospitali. Kuna ugonjwa wa ubongo kunyauka upande wa mbele unaoanza hivyo hivyo, kabla hata ya kusahau. Katika utafiti mmoja wa California wa mwaka 2015, asilimia 37 ya wagonjwa wa aina hiyo walikuwa wamevunja sheria, dhidi ya karibu 8 kwa wale wa ugonjwa wa kusahau tuliouzoea.

Turudi Jinja. Nisingekuwa mkweli kama ningekuachia maelezo ya jeraha peke yake. Kijana aliyepata ajali huenda amepoteza pikipiki, ana deni, pengine anajiona hana maana, na huzuni nzito kwa wanaume wetu hutoka kama hasira. Kisha kuna pombe. Ubongo ulioumia hauistahimili pombe kama zamani, chupa moja inafanya kazi ya tatu. Mifuko midogo ya waragi ilipigwa marufuku mwaka 2019 lakini waragi haukuondoka nayo, na mairungi ndiyo hayo yanauzwa. Muulize mkewe, yeye anajua kuliko wewe. Lipo pia suala la kipigo. Je, alipokamatwa na ile simu watu walimpiga kichwani? Tunampiga mwizi kichwa, yaani mahali penyewe ambapo breki zinakaa, halafu mwezi unaofuata tunashangaa amekuwa mbaya zaidi. Nikiwa daktari kijana nimewashona wengi walioletwa kutoka sokoni usiku, na sikuwahi kuona kipigo kilichomfanya mmoja wao kuwa na subira.

Kuhusu damu ya baba yenu. Jeni zinachangia tabia, sitakuficha. Mwaka 1993 ilielezwa familia moja ya Uholanzi ambayo wanaume wake kadhaa walikuwa na hasira za ghafla na matendo ya hatari, na chanzo kilikuwa jeni moja iliyoharibika kabisa. Ni hali adimu mno. Aina ya kawaida ya jeni hiyo hiyo, iliyo dhaifu kidogo, imo ndani ya watu wengi mno, nikiwemo pengine mimi. Utafiti wa New Zealand wa mwaka 2002 uliwatazama wavulana 442 tangu utotoni na kukuta kwamba wenye jeni hiyo dhaifu waliingia kwenye matata zaidi hasa pale walipokuwa wameteswa wakiwa watoto. Mzee wenu alifungwa, sawa. Lakini hiyo damu ilikuwa wapi miaka yote ambayo mdogo wako alikuwa akifunga hesabu za chama usiku bila shilingi kupungua? Waulize wazee hivyo, kwa heshima, kisha nyamaza uwasikilize.

Mtoto wa miaka sita kuwa mkaidi ndiyo kazi yake. Ubongo wa mbele hukomaa wa mwisho kabisa, mpaka miaka ya ishirini na kitu. Jeraha la baba halirithiwi, kama vile mtoto wa aliyekatwa mguu hazaliwi kiguru. Ninachomhofia mtoto huyu ni kile anachokiona ndani ya nyumba. Anamwona mama yake akipigwa. Hilo ndilo la kuondolewa haraka, na mengine ya kumlinda ni ya kawaida: asipigwe kichwani, avae kofia ngumu akipakiwa kwenye boda, alale ndani ya chandarua. Usicheke chandarua. Watoto waliougua malaria ya ubongo na kutibiwa hospitali ya Mulago, Kampala, walipimwa miaka miwili baadaye, na 26 katika kila 100 walikuwa na upungufu katika kufikiri, ikilinganishwa na karibu 8 kwa watoto wa mitaa yao ambao hawakuugua. Hakuna aliyesema watoto hao watakuwa wezi. Ila ubongo wa mtoto una maadui wengi kuliko damu ya babu.

Mahakama nayo ina kipimo chake, tofauti na changu. Sheria ya Uganda inamhesabu kila mtu kuwa na akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ili mtu asiwajibike kabisa, lazima ionekane kwamba wakati wa tendo, kwa sababu ya ugonjwa wa akili, hakuelewa anachofanya au hakujua kwamba hapaswi kukifanya. Mdogo wako anajua. Tatizo lake ni kujizuia, na sheria yetu haina mlango mpana kwa hilo. Hata mlango wa wazimu una kizingiti kirefu: anayekutwa hana hatia kwa sababu hiyo harudi nyumbani jioni ile, huwekwa kizuizini kusubiri agizo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu kule Fort Portal ilisikiliza shauri la mtu aliyekuwa amekaa gerezani miaka mingi akingoja agizo la waziri lisilokuja. Kwa hiyo msikimbilie kusema "ni kichaa" kwa sababu jirani kasema itasaidia.

Ripoti ya daktari inaweza kusaidia mahali pengine, kwenye kupima adhabu. Unaikumbuka kesi ya Dominic Ongwen, aliyetekwa na waasi wa LRA akiwa mtoto njiani kwenda shule, akaja kuwa kamanda. Mawakili wake walidai alikuwa na ugonjwa wa akili. Majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai walilikataa dai hilo, wakamtia hatiani Februari 2021. Lakini Mei ile, walipopanga kifungo, utoto wake ulioporwa uliwekwa kwenye mizani, na akapewa miaka 25 badala ya maisha. Simu ya jirani si makosa ya Ongwen, mbali kabisa, ila mgawanyo ni ule ule: hatia ni hatua moja, uzito wa adhabu ni nyingine. Mwambieni wakili, au afisa wa mahakama kama hamna wakili, kwamba kuna jeraha la kichwa na karatasi za hospitali zipo. Na simu ya watu ilipwe sasa, msingoje hukumu. Jirani aliyelipwa husema maneno tofauti mbele ya hakimu.

Matibabu. Hakuna kidonge cha kuacha kuiba. Zipo dawa zinazopunguza milipuko ya hasira baada ya ubongo kuumia, na zipo za huzuni na za degedege kama zipo dalili hizo. Zinahitaji daktari wa kuzianzisha na kuzifuatilia, kwa sababu baadhi ya dawa za kutuliza zinazotolewa ovyo humfanya mgonjwa wa namna hii kuwa mzito na kuchanganyikiwa zaidi. Kinachosaidia kuliko vyote ni siku iliyopangwa. Wanafunzi wa udaktari dunia nzima hufundishwa habari za Phineas Gage, msimamizi wa ujenzi wa reli Marekani, ambaye tarehe 13 Septemba 1848 chuma kirefu zaidi ya mita kilipenya shavuni kikatokea utosini. Akabadilika tabia, wenzake wakasema si Gage tena, na hadithi hukatwa hapo. Mara chache utamsikia mtu akisema kwamba baadaye alikwenda Chile akafanya kazi ya kuendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa, kazi yenye ratiba. Huenda ratiba ilifanya kazi ambayo ubongo wake ulishindwa.

Nawe fanya hivyo. Apewe kazi moja, mahali pamoja, na mtu wa kumsimamia. Asishike pesa za mtu, hata za kununulia sukari, na mwambieni waziwazi kwamba ni kwa ajili ya kumlinda. Akikosea, msimhubirie saa nzima. Sentensi moja fupi, pale pale, kisha mgeukieni jambo lingine. Boda aiache mpaka apimwe, maana breki za kichwa zilizolegea barabarani zitaua abiria. Nami naweka sharti moja lisilo na mjadala: mke na mtoto wasilale nyumba moja naye siku ambayo amekunywa au ameanza kufoka. Jeraha linaeleza ngumi lakini haliipunguzii maumivu. Kama kuna hatari, mwenyekiti wa LC (serikali ya mtaa) na kitengo cha polisi cha familia na watoto wajulishwe mapema, kabla ya damu.

Kuhusu kumwona daktari: anzieni kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa wenu. Huko watampima kwanza kwa maswali na mazoezi, bila mashine. Wakiona inafaa watamtuma kupiga picha, na hapo ndipo ng'ombe anaweza kuwa na kazi, kwa sababu picha hiyo itatafuta kitu cha kutibika: damu iliyojikusanya polepole, maji yaliyozidi, kovu linaloleta degedege. Mjue pia kwamba picha ya CT inaweza kutoka safi na bado nyuzi za ndani ziwe zimekatika. Picha safi isije ikatumiwa kumwita mwongo. Mahakama ikitaka ripoti kamili, mara nyingi njia huelekea Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili kule Kampala.

Yapo mambo yasiyosubiri miadi. Maumivu ya kichwa yanayoongezeka kila siku, kutapika asubuhi, usingizi usio wa kawaida, mkono au mguu mmoja kulegea, degedege hata la mara moja, kusikia sauti zinazomwamrisha, au kusema kwamba anataka kufa: siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, mpelekeni hospitali.

Kabla ya kwenda, chukua daftari la shule, chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika alivyokuwa kabla ya lori, kulia alivyo sasa, kwa matukio na tarehe kadiri mnavyokumbuka: hesabu za chama, usingizi, hasira, simu, mke. Mwite na mwenyekiti wa stendi yao aongeze yake. Halafu kesho asubuhi mwombe afumbe macho na abane tundu moja la pua. Mpe anuse kahawa ya unga, kisha sabuni ya kufulia, kisha ganda la chungwa, upande mmoja kwa mmoja, aseme ni nini. Usitumie pilipili wala spiriti, hizo huwasha pua kwa neva nyingine na zitakudanganya. Asiwe na mafua siku hiyo. Andika alichojibu, hata kama amejibu "hakuna kitu", na karatasi hiyo uende nayo kwa daktari pamoja na zile za hospitali ya kwanza.